Ujira wa Anayetembea Nyuma

Mkinijia hapa, vijana wangu, huniuliza namna ya kupata mtaji. Hakuna anayeniuliza namna ya kujua umepata nini baada ya kuuza, na hapo ndipo wengi wenu mnapoumia. Mimi nilibeba chumvi kutoka Bigwa kuivusha milima ya Uluguru tangu ndevu zinaanza kuota mpaka goti hili la kushoto lilipogoma. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa wakati wa Mdachi, na kodi ya biashara ilikuwa jambo la kumtoa mtu jasho hata akiwa amekaa kivulini. Nitawaeleza niliyojifunza, polepole. Asiyeelewa arudi nyuma asome tena. Sina haraka, na goti langu halinipeleki popote.

Siku ya kwanza kuitwa bomani kukadiriwa kodi, nilikwenda nimevaa kanzu iliyofuliwa. Karani aliitwa Faraji, mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye mafua yasiyoisha. Alikuwa na sauti moja kwa watu wote, tajiri na maskini, ya kuuliza jambo kisha kungoja.

“Msimu huu umeuza kiasi gani?”

“Rupia thelathini, bwana karani,” nikasema, kifua mbele.

“Hongera. Na chumvi yenyewe uliiokota?”

Wenzangu waliokuwa foleni wakacheka. Mimi sikuelewa. Akaweka kalamu chini, akanieleza kama ninavyowaeleza ninyi sasa. Fedha iliyoingia mkononi siyo faida. Toa kwanza bei ya chumvi ulikoinunua. Toa ujira wa wapagazi na posho yao, maana hawawezi kupanda mlima na njaa. Toa ushuru wa gulio. Toa makanda mapya ya ukindu uliyonunua yale ya zamani yalipochanika. “Kinachobaki,” akasema, “ndicho tutakachokizungumza mimi na wewe. Ukinitajia rupia thelathini, nitakutoza kodi juu ya rupia zote thelathini, na utarudi kwenu unalia, na kosa litakuwa la mdomo wako.”

Nikaona mlango umefunguka, nikataka kuingiza na ng’ombe. “Na mbuzi niliyemchinja Idi, bwana karani?”

“Huyo mbuzi aliliwa na nani, wewe au chumvi?”

“Mimi na jamaa zangu.”

“Basi huyo ni wako. Usimlete hapa.”

Hilo ndilo somo zima, wanangu, na mpaka leo nakutana na wenye maduka ya bati wasiolijua. Kilichotumika ili biashara isimame ni gharama ya biashara. Kilichotumika ili wewe ushibe ni chako. Ukivichanganya, utalipa kodi usiyostahili, au utajidanganya kwamba una faida kumbe unakula mtaji.

Kwangu mimi aliyevitenganisha ni mke wangu Mwanaidi. Zamani mboga ikikosa chumvi jikoni, mtu alichota tu kwenye kanda la kuuza. Jirani akija, akachotewa. Mwisho wa msimu nikajiuliza chumvi imekwenda wapi. Siku moja Mwanaidi akaja na kibakuli na hela zake za shaba mkononi, akasimama mbele ya kanda kama mteja.

“Nipimie kibaba, muuza chumvi.”

“Wewe mwanamke una wazimu? Chota!”

“Sichoti. Nikichota, duka lako linakufa huku unacheka. Nipimie, na usinipunje, mume wangu nakujua.”

Tangu hapo tulinunua chumvi yetu wenyewe. Alinunua kibaba kizima mara moja badala ya kidogo kidogo kila siku, na jirani aliyekuja kuomba akaambiwa kwa upole kwamba kanda si letu, ni la biashara. Ajabu ni kwamba walielewa. Mtu huogopa mali ya biashara kuliko mali ya ndugu. Jaribuni.

Sasa nije kwenye gharama moja ambayo sijapata kuiona kwa mfanyabiashara mwingine yeyote wa mjini.

Njia hii ya chumvi nilipewa na mjomba Salumu, kaka wa mama yangu, maana kwetu mambo mengi ya mtu hutoka upande wa mama. Alinifundisha kufunga kanda lisinyonye unyevu, kuchagua wapagazi wasiogombana, kulipa ujira siku ileile ya safari. Na alinifundisha Pengo.

Pengo ni pale njia inapopita katikati ya vilele viwili, kabla hujaanza kushuka kwenda gulio la upande wa pili. Ukungu hapo hautoki hata saa nne ya asubuhi jua likiwaka Bigwa. Miti imeota ndevu za kijani, na maji hudondoka bila mvua. Kuna jiwe bapa kando ya njia. Mjomba aliponipitisha mara ya kwanza, alinyamaza, akapima kibaba kimoja cha chumvi, akakimwaga juu ya jiwe. Wapagazi wote kimya. Aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari alikwenda akitazama mgongo wa mwenzake, wala hakugeuka. Tulipotoka kwenye ukungu nikamuuliza.

“Ile ni sadaka, mjomba?”

“Si sadaka. Ni ujira.”

“Wa nani?”

“Wa anayetembea nyuma. Kila msafara ukifika pale unakuwa na mtu mmoja zaidi. Hatukumwita. Lakini anabeba.”

“Umejuaje kwamba anabeba?”

Mjomba akanitazama. “Ulipopita pale, mzigo wako ulikuwaje?”

Nikalishika bega langu. Kanda lililokuwa likinikata bega tangu Bigwa lilikuwa jepesi, kama mtu ameliinua kidogo kwa nyuma kwa viganja viwili. Ni jambo ambalo huwezi kulisahau, na huwezi kulipenda.

Kulikuwa na mchuuzi mmoja wa Gairo aliyepanda nasi na karanga zake. Akaambiwa aache japo konzi moja pale jiweni, akacheka, akasema karanga zake hazioti mguu. Tulipokuwa ndani ya ukungu tulimsikia nyuma yetu, “Niachie, wangu huu. Niachie, nimesema ni wangu.” Akarudia rudia kwa sauti ya chini, ya mtu anayeona haya kugombana mbele za watu. Alifika gulioni salama na karanga zake zote. Akautua mzigo. Lakini mgongo haukunyooka. Aliuza siku nzima ameinama vile vile, mkono mmoja begani, kama bado amebeba. Na hivyo ndivyo alivyorudi kwao.

Kwa hiyo mimi nililipa. Mjomba alipofariki nikaendelea kulipa kibaba kila safari. Na kwa kuwa karani Faraji alinifundisha nitoe kila gharama inayoisimamisha biashara, nikaona hii nayo ni gharama. Chumvi imetoka kwenye kanda, haikuuzwa, haikuliwa nyumbani, na kazi imefanyika. Nikaitaja.

Hapo ndipo nilipojiingiza matatani.

Msimu ule wafanyabiashara wawili wa mjini walikamatwa kwa kuwataja wapagazi wasiokuwepo ili kodi yao ipungue. Bwana mkubwa wa boma alikasirika, akatoa amri: atakayemtaja mpagazi wa uongo atafungwa mnyororo wa shingo pamoja na wale wanaochonga barabara, na biashara yake itafungwa. Mimi sikuwa na habari. Nikakaa mbele ya Faraji, nikataja gharama zangu moja baada ya nyingine, naye akiziandika. Wapagazi wangu, Chanzi na wenzake, ujira na posho. Ushuru. Makanda. Kisha kibaba cha chumvi kila safari, ujira wa anayetembea nyuma.

Kalamu ikasimama. “Jina lake?”

“Hana, bwana karani. Yaani, sisi hatulijui.”

“Anakaa wapi?”

“Pengo.”

Akafuta pua. Akaniambia habari za wale wawili na za mnyororo, kwa sauti ileile ya siku zote, na jasho likaanza kunishuka mgongoni.

“Basi futa, bwana karani,” nikamwambia. “Ni kibaba tu. Nitakilipia kodi.”

“Nimekwisha kuandika, na karatasi hii ataisoma bwana mkubwa. Nikifuta, nimesema umedanganya. Nikiacha, nimesema yupo. Na mimi sijamwona.” Akafikiri. “Msafara wako unaondoka lini?”

“Keshokutwa, bwana.”

“Nitakuja. Nikimkuta, atabaki kwenye karatasi. Nisipomkuta, unajua utakakokwenda. Mimi sitakuonea, lakini sitakuficha.”

Nyumbani nilimkuta Mwanaidi anachambua kunde. Nikamweleza yote. Akaendelea kuchambua.

“Basi tuombe amwone,” akasema.

“Na akimwona?”

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Jioni ile kunde ziliungua, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba yangu.

Tulianza kupanda jua lilipochomoza. Faraji alivaa viatu vya ngozi, na Chanzi, mpagazi wangu wa miaka mingi, mtu wa maneno, hakuviacha vipite.

“Bwana karani, hivyo viatu vina kodi yao? Maana naona vinateleza kama mdeni.”

“Vimelipiwa, Chanzi. Wewe tazama njia.”

“Natazama, bwana. Nasubiri tu utakapokaa chini bila kukaribishwa.”

Tukacheka wote, hata Faraji. Tulicheka sana kuliko utani ulivyostahili. Kadiri miti ilivyoanza kuota ndevu, vicheko vikapungua, na Chanzi akaishiwa maneno kabisa. Kabla ya Pengo tulitua mizigo, nikamweleza Faraji desturi: kimya, na wa mwisho hageuki.

“Nani huwa wa mwisho?”

“Yeyote, bwana.”

“Leo ni mimi. Kama kuna mtu nyuma ya msafara, nitakuwa karibu naye kuliko ninyi.”

Nilitaka kumkataza. Lakini wanangu, mtu anayeshikilia mnyororo wa shingo yako humkatazi kirahisi. Nikatembea hatua moja mbele yake, yeye nyuma yangu, na nyuma yake ukungu.

Tukaingia. Ilikuwa mchana, lakini mchana usio na upande jua linakotoka. Nilisikia viatu vyake vikifinya matope. Nilisikia maji yakidondoka. Kisha nikasikia sauti yake, ileile ya bomani.

“Na wewe, jina lako nani?”

Nilidhani ananiuliza mimi. Nikakaribia kujibu, ndipo nikatambua kwamba sauti imeelekea kwingine, kama ya mtu anayesemea bega lake.

Kimya. Kimya cha kutosha mtu kujibu.

“Sema kwa nguvu kidogo, masikio yangu yameziba kwa mafua.”

Kimya.

“Ahaa. Na kwenu wapi?” Akangoja. “Kisaki. Mbali huko. Ulikuja huku na msafara wa nani?” Akangoja tena, safari hii kwa muda mrefu, na nikasikia anavuta pumzi. “Hawakukungoja? Pole sana. Na huyu wa sasa anakulipa nini?” Akangoja. “Kibaba. Kila safari? Hajawahi kukudhulumu?” Akangoja. “Vizuri. Na posho?”

Kimya.

“Hupewi posho?”

Kimya.

“Tangu lini hujala?”

Sijui alijibiwa nini. Najua tu kwamba Faraji hakuuliza tena. Mbele yangu niliona mabega ya Chanzi yanatikisika chini ya kanda lake, analia bila sauti. Na mzigo wangu ulikuwa mwepesi, mwepesi kupita siku zote, mpaka nikatamani uwe mzito. Nilipofika jiweni nikapima kibaba, nikamwaga chumvi, tukaendelea. Hakuna aliyegeuka.

Jua lilitupokea upande wa pili kama kawaida, na chini tuliona mabanda ya gulio na moshi wa akina mama wanaopika. Faraji akaketi juu ya gogo kufuta matope viatuni. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu aliyemaliza kazi.

“Mtu wako ana adabu,” akaniambia. “Amebaki nyuma kidogo anafunga mzigo. Tumngoje.”

Akainua macho, akatutazama mmoja mmoja, akatazama njia tuliyotokea. Ukungu ulikuwa umeishia pale pale, kama ukuta. Akatuhesabu kwa kidole. Akaanza upya.

Chanzi ndiye aliyethubutu. “Bwana karani, uligeuka ukamwona?”

“Sikugeuka. Mliniambia nisigeuke.”

“Kwa hiyo hukumwona.”

Chanzi hakukusudia ubaya, lakini neno lile lilikuwa mnyororo wenyewe. Faraji alisema akimkuta atamwacha kwenye karatasi. Sasa amekiri mbele ya mashahidi kwamba hakumwona mtu.

Alikunja kitambaa chake cha pua, akakikunjua.

“Nilimsikia akipumua,” akasema hatimaye. “Mtu aliyebeba mzigo siku nyingi hupumua kwa namna yake. Nimewaandika wapagazi maisha yangu yote, pumzi ile huwezi kuiiga.” Akanigeukia. “Wewe uliniambia unamlipa kibaba kila safari.”

“Ndiyo, bwana karani.”

“Naye kaniambia kibaba kila safari. Hamkukaa pamoja, hamkupatana maneno. Katika kazi yangu, watu wawili wakiulizwa mbalimbali wakasema jambo moja, jambo hilo huandikwa. Atabaki kwenye karatasi.”

Nikakaa chini palepale. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, “Na jina, bwana? Bwana mkubwa atataka jina.”

“Amesema niandike Mpagazi. Jina lake jingine amesema halimfai kitu tena.” Akajifuta uso. Kisha ukarudi ule uso wake wa bomani, na akaninyooshea kidole kama mwalimu. “Lakini hesabu yako ina kasoro. Wapagazi wako wote wanapata ujira na posho. Huyu anapata ujira peke yake. Nikiulizwa kwa nini, nitasema nini? Gharama pungufu ni kosa kama gharama iliyozidi. Kuanzia leo mpe posho, na uitoe kwenye hesabu yako kama ya wenzake.”

Ndiyo, wanangu. Nilipanda mlima nikiogopa kufungwa kwa kutaja gharama ya uongo, nikashuka nimeongezewa gharama nyingine ya halali. Kodi yangu msimu ule ilipungua. Bwana mkubwa aliisoma karatasi, akaona jina Mpagazi, wa Kisaki, akaipitisha. Katika biashara yangu yote sijaona mtu mwingine aliyenisaidia kutafuta gharama niliyoisahau isipokuwa mtoza kodi mwenyewe. Kwa hiyo msiwaogope hao watu. Waambieni kila kitu kilichoibeba biashara yenu, hata kile mnachoona haya kukitaja, na waacheni wao waseme hapana. Na kagueni vizuri kama kila anayewabebea amelipwa na amekula. Garimoshi lilipofika Morogoro bei ya chumvi ya pwani ilishuka, wengi wakaanza kuwapunja wapagazi posho wakidhani wanabana matumizi. Wapagazi wakawakimbia mmoja mmoja, chumvi ikabaki inayeyuka makandani. Huko siko kubana matumizi.

Gulio lilipovunjika, tulirudi njia ileile kukiwa bado na mwanga. Kabla ya Pengo Faraji alitusimamisha, akafungua mkoba wake, akatoa mihogo ya kuchemsha aliyofungiwa na mkewe kwa ajili ya njiani. Hakuwa ameigusa siku nzima.

“Hii ni yangu mimi, usiiweke kwenye hesabu yako,” akaniambia. “Nimemuuliza maswali mengi akiwa na mzigo kichwani.”

Tulipofika kwenye jiwe bapa akaipanga juu yake, mwenyewe, bila haraka, kisha akapita mbele katikati ya Chanzi na wenzake. Safari hii wa mwisho nilikuwa mimi.

Tulipokwisha kulipita jiwe, nikasikia nyuma yangu mtu anatafuna. Alitafuna polepole, kama aliyesahau namna inavyofanywa, akameza, akanyamaza, akatafuna tena. Sikugeuka. Wenzangu walikuwa wanakazana kuuwahi mwanga, na mgongo wa Faraji ulianza kunipotea ukunguni. Lakini mimi nikapunguza mwendo, ili amalize.